Mazutu ya Julai

Butembo, 11 Februari 2001

Kwako yaya Virginie,

Dada yangu mkubwa, nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya bati lako hapo Beni. Sisi huku tunapumua. Mvua imepungua, maharagwe ya shamba la chini ya nyumba yamekauka na wanawake wameanza kuyapiga. Upepo uliinua paa la jikoni upande mmoja, nimelifunga kwa waya. Yule mbuzi uliyeniachia amezaa mmoja, mweusi, mwenye doa jeupe sikioni. Mkwe wangu Solange anakusalimu. Haongei sana, lakini sasa anakula.

Na hiyo ndiyo habari ya kwanza. Solange ana mimba. Alijua tangu Desemba, hakutaka kusema wakati watu wangali wamekaa kilioni. Kyakimwa, mkubwa wa wauguzi pale maternité, hospitali ya uzazi ya masista, anasema mtoto atakuja Julai. Kwa hiyo mwanangu Kasonia hakufa wote, amebakiza damu yake.

Habari ya pili ni ya umeme. Unajua jinsi mwanangu alivyotupangia. Jioni moja kabla hajaoa alimwaga maharagwe kwenye mkeka, kila punje saa moja ya maji, akaniambia habari ya umeme wa jioni: "Papa, maji ya muchana iko courant ya magaribi. Ukiiacha ipite, hairudi." Akawa anasogeza punje kutoka upande huu wa mkeka kwenda upande ule, mpaka kila saa ikapata chakula chake. Bwawa letu ni dogo. Linaweza kubeba maji ya asubuhi mpaka jioni, au ya leo mpaka kesho kutwa, basi. Kinachoweza kubeba kutoka mwezi hadi mwezi ni mazutu, dizeli ya ile jenereta yetu, groupe. Ndiyo maana alikuwa anatafuta mapipa wakati kijito cha Kihuli kimejaa na groupe imelala, akayafungia kibandani hadi Julai, kijito kinapokuwa chembamba kama kamba na turbini haiwezi kazi peke yake. Moulin isage unga asubuhi, nyumba ziwake jioni, maternité isikose saa yoyote, mazutu yangoje Julai. Tangu vita vianze, kwa mpango huo taa hazijatuangusha.

Mapipa hayo sasa ni matupu, na unajua yalikoishia. Siku za kilio ulisimama uani ukasema mbele ya watu kwamba mtoto aliyewapa wengine mwanga hawezi kuliliwa gizani. Nikawasha groupe, ikanguruma mpaka kilio kikaisha, taa kutoka mlangoni hadi barabarani. Sikuona uchungu kuyachoma. Lakini Julai inakuja, na Solange anajifungua Julai. Mazutu yote ya huku yanapitia Beni, na wewe ndiye unayeyauza. Nakuomba mapipa matatu kabla ya Juni. Tutaelewana kama watu wa tumbo moja.

Jana nimeona kofia ya sufi ya Kasonia nyuma ya turbini. Ndani mlikuwa na nyasi, panya alikuwa ameanza kujenga. Nimeiacha palepale.

Ndugu yako mdogo,
Mathe


Beni, 3 Machi 2001

Mathe,

Jamali dereva alinipa barua yako mbele ya wateja, nikaiweka chini ya mzani mpaka nilipofunga duka. Hapa tu wazima. Askari wanabadilika, leo hawa, kesho wale, na kila anayefika anataka bidon yake ya mazutu. Bati unalolisalimu lina matundu mawili ya risasi, nimeyaziba kwa lami. Goti linanisumbua.

Mimba ya Solange nimeisikia. Nimeisikia kwa barua, kama jirani. Mathe, Kasonia nilimlea mimi. Mkeo Marie-Jeanne alipokufa ukaniletea mtoto hana hata viatu, akalala chumba cha pili miaka yote ya shule, akala kwenye sahani yangu. Hayo maharagwe unayoniandikia kwa majivuno, nani alimfundisha kuhesabu kwa maharagwe? Wewe wakati huo ulikuwa unakaa mlangoni unatazama barabara.

Halafu unaniandikia kwamba mimi niliamuru mapipa yachomwe. Nilisema washa taa. Sikusema choma Julai yote. Mtu mzima akiambiwa amfunge mbuzi, hamnyongi.

Mazutu ninayo. Sikiliza neno langu. Mlete Solange Beni kabla njia haijaharibika. Ajifungulie hapa, ninajua mahali penye groupe yake na daktari wake, na mtoto akulie katika chumba alichokulia baba yake. Siku Solange atakaposhuka garini mbele ya duka langu, gari hilohilo litarudi Butembo na mapipa yako. Bila hivyo, washeni mishumaa.

Virginie


Butembo, 19 Machi 2001

Kwako yaya Virginie,

Nimesikitika kwa ajili ya goti. Pasha mawese moto na tangawizi ulipake, kama mama alivyofanya. Nakumbuka alikuwa anakupaka wewe kwanza kwa sababu ulikuwa unalia zaidi. Mbuzi mdogo sasa anakimbia. Nzanzu mwenye moulin anakusalimu.

Nilimsomea Solange barua yako yote, sikuficha mstari. Hakukasirika. Aliinuka akaenda kuchota maji, aliporudi akaniambia: "Papa, ile njia ilikula bwana yangu. Mimi na hii tumbo nipite pale pale kwenye kona ya mikaratusi? Hapana. Umuambie mama Virginie, hapana." Ndivyo alivyosema.

Nami nina langu moja. Umeweka mtoto upande mmoja wa mzani na mapipa upande wa pili. Baba yetu alipima kahawa maisha yake yote, lakini mtu hakumweka kwenye mzani.

Jamali alikaa kwangu akanywa chai. Alisema ile siku ya Desemba, Kasonia alikuwa amekwisha kupanda gari lake tangu asubuhi, na ile roulement, beringi ya turbini aliyoifuata Beni, ameifunga ndani ya shati ili isiibiwe. Kisha akaitwa, akashuka. Akaondoka mchana na lori la mazutu, lile walilolipiga risasi kwenye kona. Jamali hakusema nani alimwita. Sikumuuliza. Na wewe sikuulizi.

Mathe


Beni, 22 Mei 2001

Mathe,

Njia ilifungwa, barua yako ikanifikia Pasaka imeshapita, imeloa upande mmoja. Goti limepona, na si kwa mawese. Kahawa ya watu wa Mangina imekuja mbaya mwaka huu. Nimempangisha mwalimu chumba cha pili, kwa kuwa naona hakina mtu wa kukilalia.

Nakuandikia jambo moja. Kilio cha Kasonia tutakiondoa Jumamosi tarehe 14 Julai, huko kwako, kwa kuwa ndiko alikozikwa. Nimewaandikia wazee wa Kirumba na wa Kanyabayonga, wamekubali, wanakuja na lori. Misa mchana, chakula, na jioni maneno ya wazee. Jioni hiyo nataka taa uani. Nataka kipaza sauti. Nataka watu waone kutoka barabarani kwamba hapa paliishi fundi wa umeme, si mwizi wa kuku.

Usiniambie habari za kiangazi. Mabomba yanayoteremsha maji hadi kwenye hiyo turbini yako niliyanunua mimi, baba akiwa hai, wakati watu wote walikuwa wanacheka. Mabomba ni yangu, maji yanayopita ndani ninayajua. Usipowasha, nitapanda kufungua mlango wa maji kwa mkono wangu.

Kuhusu mapipa, jibu langu unalo tangu Machi.

Virginie


Butembo, 10 Juni 2001

Kwako yaya Virginie,

Natumaini mwalimu ni mpangaji mwema na hapigi redio usiku. Sisi tuna kikohozi cha vumbi. Mbuzi wako mkubwa amekufa, alikula mfuko wa plastiki. Mdogo yupo. Ile mikunde Kasonia aliyoipanda juu ya bwawa ili udongo usiporomoke imetoa maua ya njano, nami napita pale hata nikiwa sina kazi.

Sasa yaya, soma hapa polepole. Kyakimwa amempapasa Solange mara mbili. Mtoto amelala kwa upande, kichwa ubavuni. Anasema asipogeuka, atazaliwa kwa kisu. Kwa kisu wanahitaji taa kubwa ya chumba cha upasuaji, mashine ya kuvuta damu, na ile ya kuchemshia vyuma. Groupe ya masista ilibebwa mwaka jana na watu wenye bunduki. Nimeuliza mahali pengine mjini, wananiambia mgonjwa aje na mazutu yake. Mimi sina mazutu. Nina bwawa.

Basi nimemwaga maharagwe kwenye mkeka kama alivyofanya mwanangu. Yeye alipanga kwa kujua lini watu watawasha na lini watazima. Mimi siku yenyewe siijui. Inaweza kuwa tarehe moja, inaweza kuwa thelathini. Kwa hiyo lazima kila jioni bwawa liwe limejaa, kama mtu anayelala na viatu. Kihuli sasa inachukua siku tatu kulijaza. Nimehamisha saa zote. Moulin inasaga siku maji yanapomwagika juu ya ukingo, siku nyingine haisagi. Nyumba haziwaki kabisa mpaka mtoto azaliwe.

Unaweza kufikiri watu wananiambia nini. Nzanzu alikuja na unga kwenye nyusi, akasimama juu yangu: "Mathe, hii maji ni ya mama yako? Batu banaleta muhogo, miye nibasagie na meno?" Mwanamke mmoja alipita na beseni kichwani, hakusimama hata kidogo: "Donc juu ya tumbo ya bibi ya mutoto yako, quartier muzima ikae mu giza!" Nilimjibu kwamba mtaa hauko gizani kwa ajili ya huyo peke yake, kuna akina mama wengine pale maternité. Ni kweli wapo. Lakini sitakudanganya wewe, dada yangu: nilikuwa nafikiria mmoja.

Ninachokuomba ni kidogo. Kilio tukiondoe mchana. Misa asubuhi, chakula, maneno ya wazee, na jua likiwa bado lipo watu waagane. Mlango ukifunguliwa kwa jioni nzima, na taa za uani na kipaza sauti, bwawa litakwisha. Likiisha Jumamosi, halijai tena kabla ya Jumanne. Na Solange akishikwa na uchungu katikati hapo, nitamwambia nini?

Kasonia angekubali kuliliwa mchana. Alikuwa analala mapema.

Mathe


Butembo, 1 Julai 2001

Yaya,

Sijapata jibu. Jamali anasema alikupa barua mkononi na ukaisoma umesimama.

Bwawa limejaa. Mtoto bado amelala kwa upande. Panya amezaa ndani ya kofia ya Kasonia, watano, wekundu kama vidole.

Mathe


Beni, 17 Julai 2001

Mathe,

Salamu nilizokuja nazo uliziacha zimesimama uani gizani, kwa hiyo leo sina nyingine.

Nataka uyasome kwa maandishi uliyoyafanya, ili usije ukasema baadaye kwamba hukuelewa. Watu walitoka Kanyabayonga juu ya magunia, wamepita vizuizi, wameshushwa na kupekuliwa kama wezi. Walikula, walikunywa kasikisi, pombe yetu ya ndizi, jua likazama. Mzee wa Kirumba akasimama kusema jina la Kasonia na hakuna aliyemwona mdomo. Nikasema kwa sauti ya heshima: "Mathe, washa." Ukakaa. Umevaa lile koti la baba, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja gari.

Nikapanda kwenye bwawa na Nzanzu na vijana wawili. Kwa goti hili, Mathe. Tunafika, ule mkono wa chuma wa kufungulia mlango haupo. Maji yamejaa mpaka ukingoni, yanang'aa, na hakuna wa kuyafungulia. Nikateremka. Nikakuuliza mbele ya ukoo mzima:

"Mathe, mukono ya mulango iko wapi?"

"Iko na mie."

"Leta."

"Hapana."

"Ndugu yangu, leta, batu banatuona."

Ukanijibu: "Hapana, yaya. Habatuone. Kuko giza."

Na watu wakacheka. Kwenye kilio cha mwanangu, watu wakacheka. Hata mzee wa Kirumba nilimsikia. Tukawasha kuni, moshi ukatufukuza, mama mmoja akajikwaa kwenye kigogo akamwagiwa mboga. Wazee wakamaliza maneno haraka haraka kama watu wanaofunga duka mvua ikija. Ndivyo tulivyomuaga Kasonia.

Solange alikuwa amekaa upande wa ukuta. Nilitaka kumshika tumbo kabla sijaondoka. Nilimtafuta kwa mkono, nikamshika mtu mwingine.

Kiangazi kikiisha ninayatoa mabomba yangu. Nimekwisha kuongea na fundi, yuko tayari na funguo zake za nati. Utabaki na bwawa lako, ufuge bata.

Virginie


Butembo, 21 Julai 2001

Kwako yaya Virginie,

Barua yako nimeipokea leo, nimeisoma mara moja. Sitajibu kila mstari. Kuhusu watu kucheka, naomba radhi; sikusema ili wacheke. Kuhusu mkono wa chuma, ulikuwa mfukoni na ulinichubua paja, alama ipo mpaka sasa. Kama Jumamosi ingerudi, ningeuweka mfukoni tena.

Wakati unaandika barua hii ulikuwa hujui, kwa hiyo nakueleza.

Jumatatu, siku moja baada ya wewe kuondoka, Solange alikuwa anachagua mchele mlangoni. Jua lilikuwa linashuka. Akaweka ungo chini, akasema, "Papa, imefika." Majirani walileta machela. Mmoja wa waliobeba mbele alikuwa Nzanzu, bado na unga wake, akitukana njia nzima kwamba mimi na maji yangu na wakwe zangu tutamuua. Hakumwachia mtu mwingine upande wake mpaka maternité juu kilimani.

Mimi sikwenda nao. Nilipanda bwawani. Kyakimwa na mimi tulikuwa tumepatana zamani: kwenye baraza ya maternité kuna taa moja inayotazama bonde letu. Wakianza kukata wataiwasha. Wakimaliza wataizima, ili nami nifunge mlango na maji yanayobaki yawe ya mama mwingine.

Nilikata waya za nyumba zote kwenye sanduku, nikabakisha ile inayokwenda kilimani. Nikaingiza mkono wa chuma, nikafungua kidogo. Turbini ikaamka. Unakumbuka jinsi Kasonia alivyokuwa anapiga mluzi inapoamka, kama anayemwita mbwa? Taa ikatokea kule juu, moja tu, njano.

Kuna kijiti alichokichomeka ndani ya bwawa, amekikata kwa kisu alama kwa alama. Nilikaa nakitazama. Maji yaliacha alama ya kwanza, ikaja ya pili. Kadiri yanavyoteremka yanapungua nguvu, kwa hiyo lazima ufungue zaidi, na ukifungua zaidi yanakwisha mbio. Ni kama kumlisha mgonjwa kwa chungu kimoja bila kujua ataumwa siku ngapi. Nikafungua unene wa kidole, nikangoja. Nikafungua tena. Watu waliona taa ya kilimani na nyumba zao hazina, wakaanza kupiga kelele kutoka kila upande wa bonde, wengine wakitaja jina la mama yetu. Tope likaonekana ukingoni. Vyura wakanyamaza, sijui kwa nini.

Kisha taa ikazimika.

Yaya, hapo nikafa. Nilikuwa nimeingoja izimike, lakini ilipozimika sikujua imezimwa na mtu au imeshindwa na maji. Kama ni mtu, mtoto yupo. Kama ni maji, wamebaki gizani na tumbo wazi. Nikateremka mbio, nikaweka mikono yote miwili kwenye bomba lako. Lilikuwa baridi, na lilikuwa linatetemeka. Maji yalikuwa bado yanapita. Turbini ilikuwa bado inazunguka. Basi giza lile lilikuwa la mtu, si la maji. Nikarudi juu nikafunga mlango. Kulikuwa kumebaki alama mbili.

Nilikaa pale mpaka nikamsikia Nzanzu anateremka, anaanguka, anainuka: "Mathe! Iko mwanamuke! Iko analia kuliko moulin yangu!"

Ni msichana. Kwa kuwa ni binti wa kwanza, kwa desturi yetu ni Masika. Jina la ubatizo Solange bado hajalitaja. Ana masikio ya Kasonia, yale yaliyokunjwa juu. Solange ana homa kidogo lakini anakaa na anakunywa uji. Alipoamka aliuliza kama ulifika salama. Nilimwambia ndiyo, ingawa nilikuwa sijui.

Kama Jumamosi ningekuwashia, Jumatatu bwawa lingekuwa halijajaa, na taa ingekufa kabla hawajamaliza. Sisemi hivi ili nikushinde. Ninasema kwa sababu wewe ndiye ulimfundisha kuhesabu, na utaliona mwenyewe kwenye mkeka.

Mtoto haendi Beni. Ukija kumwona, mlango wangu unajua jinsi unavyofunguliwa. Ukija kuchukua mabomba, njoo kwanza jioni, uyashike.

Mathe


Beni, 12 Agosti 2001

Mathe,

Mwalimu amehama. Mvua moja imenyesha. Goti limerudi.

Jamali anakuletea mapipa matatu. Nimempa na barua ya kuonyesha vizuizini, na bidon mbili za kuwapa askari wasiguse mengine. Ameondoka asubuhi. Nimemwona mwenyewe akiondoka asubuhi, na hakuna aliyemwita.

Kuhusu ile asubuhi ya Desemba, sina la kuandika. Nimechana karatasi nne.

Sijakusamehe ile Jumamosi. Nikikaa peke yangu bado nasikia wanacheka. Usiniandikie barua za shukrani na usimwambie Solange amtume mtu. Mtoto akae hukohuko, njia ni mbaya. Mwambie fundi wangu, akija, arudi na funguo zake, mabomba yanakaa.

Mapipa yaweke kibandani, upande wa kivuli, juu ya mbao, yasiguse udongo. Ni ya Julai. Usiyaguse kabla ya Julai, wala kwa Noeli, wala kwa arusi, wala kwa mgeni yeyote. Hata nikifa mimi kabla ya hapo, wakaja wazee wa Kirumba na wa Kanyabayonga na kukutukana uani, usiwashe.

Nililieni gizani.

Virginie